Wasifu wa baba mdogo ulisomwa kwa mistari mitatu, nataka kuuandika upya. Naombeni ushauri

Mjukuu wa Uru:

Habari zenu wakuu. Baba mdogo wangu tulimzika mwaka jana kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, Uru, Kilimanjaro. Mwezi ujao ni misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja na familia imenikabidhi kuandika maneno yatakayosomwa baada ya komunyo.

Siku ya mazishi wasifu wake uliisha kabla watu hawajatulia kwenye viti. Alizaliwa 1968. Hakubahatika kusoma, hakubahatika kuoa, hakuacha mtoto. Aliugua tangu utotoni. Basi, tukaenda kaburini. Mnajua wasifu wetu ulivyo: elimu, kazi, ndoa, watoto, kuugua hadi mauti. Kila kipengele kilipomfikia yeye kikawa "hakubahatika".

Mtu huyu ndiye aliyenilea. Wazazi wangu walikuwa mjini wanahangaika na maisha, yeye ananivusha mfongo, ule mfereji wa maji, asubuhi nikienda shule. Alinishika kifundo cha mkono, kamwe si kiganja, maana kiganja kikilowa kinateleza.

Kwenye kahawa hakuwa na mpinzani. Sisi wengine tulikamua tawi zima, mbivu na mbichi, ndoo ijae twende tukacheze. Yeye alichuma nyekundu tupu, moja moja, na kila punje aliigeuza kwanza aone upande wa nyuma. Ndoo yake babu hakuipekua hata siku moja. Aliipitisha peke yake kwenye mashine ya mkono ya kumenyea, akaiosha peke yake na kuianika kwenye kichanja chake. Hiyo ndiyo ilikuwa ada yangu ya shule, nalisema hili bila kutia chumvi.

Alikuwa na sindromu ya Down. Jina hilo tulilisikia amekwisha kuwa mtu mzima, alipopelekwa hospitali kwa shida ya moyo. Kabla ya hapo aliitwa "mgonjwa" tu, na wapo waliosema bibi alivunja mwiko akiwa mjamzito. Bibi aliishi na maneno hayo hadi anakufa.

Sasa shangazi hataki ulemavu utajwe kabisa, anasema tutamdhalilisha marehemu. Baba mkubwa anataka pawe pafupi, watu wasicheleweshwe. Nifanyeje? Na maisha ya mtu asiye na cheti hata kimoja yanapangwaje yakaeleweka?

Mama Kiborloni:

Pole sana mwanangu. Anza na kazi. Mtu aliyekata majani ya ng'ombe na kuchuma kahawa miaka yote hiyo alikuwa na kazi, aliyekosa ni wa kumlipa. Kisha andika malezi, kwa sababu wewe ni mtoto wake hata kama hakukuzaa.

Nina binti wa hali hiyo hiyo. Nimekaa misibani nikasikia "hakubahatika" likisomwa kwa watu kama yeye, na najua majirani wananitazama mimi. Naomba neno hilo lisirudiwe.

Mzee wa Himo:

Poleni na msiba. Mimi nasimama na shangazi. Kwetu marehemu hatajwi upungufu wake kanisani. Kijiji kizima kinajua alivyokuwa, unalitangaza la nini? Sema alikuwa mchapakazi na mwenye upendo, inatosha.

Mwalimu wa Tengeru:

Shikamoo mzee. Naomba nikupinge kwa heshima. Nilisomea elimu maalum pale chuo cha ualimu Patandi na watoto hawa ndio ninaowafundisha.

Tukikaa kimya, lile neno "mgonjwa" linabaki, na la mwiko linabaki pia. Huu si ugonjwa wa kuambukiza wala wa kutibiwa. Kromosomu ni vibeba urithi vilivyo ndani ya seli za mwili; kwa kawaida mtu wa hali hii anazaliwa na kromosomu ya 21 zikiwa tatu badala ya mbili, anakuwa nazo 47 wakati wengine tunazo 46. Daktari Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walilitangaza 1959, miaka tisa kabla baba mdogo hajazaliwa, lakini nani angemfikishia bibi habari hiyo kule juu? Mara nyingi hutokea tu, ingawa uwezekano huongezeka umri wa mama ukiwa mkubwa. Hakuna chakula wala mwiko unaoleta hali hii.

Na kuna jambo ambalo familia yako huenda hailijui. Karibu nusu yao huzaliwa na tatizo la moyo. Huko Marekani, pamoja na hospitali zao zote, mwaka 1983 wastani wa maisha ya watu hawa ulikuwa kama miaka 25. Wako alizaliwa 1968 mlimani na akavuka hamsini. Hiyo ni kazi ya bibi yako. Mtaje kwa jina.

Binti Sakina:

Nenda parokiani uombe waangalie kitabu cha ubatizo. Utapata tarehe, jina la msimamizi wake, na kipaimara kama alipata. Watu wengi wanadhani mtu asiyesoma hana maandishi yoyote, kumbe kanisa liliandika.

Halafu usiandike ukiwa umekaa peke yako. Zungukia waliokuwa wanaonana naye kila siku: mchukua maziwa, mwenye duka, watoto wengine aliowavusha. Warekodi kwa simu. Tulipofanya hivyo kwa dada yangu, aliyekuwa na ulemavu wa akili pia, ndipo tukajua alikuwa anampelekea jirani kipofu maji ya kunywa kila jioni. Nyumbani hakuna aliyejua.

Mjukuu wa Uru:

Asanteni sana wote. Mwalimu, nimemsomea shangazi ujumbe wako kwenye simu. Alinyamaza, akaniambia nirudie pale pa mwiko. Amekubali sindromu itajwe, kwa sharti kwamba sentensi ya bibi itangulie yote na aisome yeye mwenyewe.

Mchukua maziwa nimeongea naye. Anasema baba mdogo hakumkabidhi kidumu hata siku moja bila "Shimboni", salamu yetu ya Kichagga, na kama hakuitikiwa kidumu hakitoki mkononi. Hilo naliandika kama alivyolisema.

Rasimu inaanza hivi: "Mama yetu alimzaa mwaka 1968, akamtunza kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na hakuvunja mwiko wowote." Mnaionaje?

Mzee wa Himo:

Kwa sentensi hiyo nakubali nimeshindwa. Ila kijana, muone padri mapema umwoneshe karatasi yote, wengine hutoa dakika tano tu. Akibana, punguza ya kwako, ya kahawa usiiguse.