Ustawi wa jamii: "Wewe si una mume?" Mume mwenyewe yuko Tunduma, miaka miwili hajatuma hata mia!

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Jumanne mwanangu alianguka kutoka juu ya mwembe huku Mbagala, mkono ukavunjika. Angekuwa chini ya miaka 5 sera ya matibabu bure ingembeba, lakini ana 7, kwa hiyo unalipa. Picha, plasta, dawa: 140,000. Mimi nauza vitumbua, siku ikiwa nzuri nabaki na 6,000. Nikaenda kwenye dirisha la ustawi hapo hospitali kuomba msamaha wa gharama za matibabu, nina barua ya mjumbe na ya serikali ya mtaa, zote zimeeleza hali yangu.

Afisa hakuzisoma. Kalamu yake ilishuka moja kwa moja mpaka "hali ya ndoa", ikasimama pale kwenye "ameolewa", fomu ikarudishwa upande wangu. "Mama, wewe si una mume? Msamaha ni wa wasio na mtu."

Nikamweleza: aliondoka na lori, sasa ni miaka miwili na miezi 4, ana nyumba nyingine kule, simu yangu hapokei. Jibu: "Basi mlete asaini, au lete talaka."

Talaka! Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kutelekezwa kufike miaka 3 ndipo mahakama ikuhesabie kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Tena kabla ya mahakama kuna baraza la usuluhishi la ndoa. Mtoto analia na mkono umevimba, mimi nianze kesi?

Jirani yangu hana mume, ana watoto wawili, mwaka jana alipata msamaha pale pale kwa barua kama zangu. Simwonei wivu hata kidogo, alistahili. Lakini tunachota maji bomba moja na tunakopeshana unga. Tofauti yetu ni cheti kilicho ndani ya sanduku langu.

Na kilichonichoma zaidi: mbele yangu kwenye foleni alikuwepo baba mmoja, kaandika "ameoa". Hakuulizwa mkewe anaingiza shilingi ngapi. Aliulizwa kazi yake, akapigiwa muhuri, akaondoka.

Najua mtaniambia sheria inamtaka mume amtunze mke. Ni kweli, kifungu cha 63 kipo. Lakini wajibu asioutimiza yeye ndio unaninyima msaada mimi, yeye haulizwi na mtu. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 56, inasema mke ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki. Nikikopa, deni ni langu peke yangu. Nikikwama, napimwa kwa mfuko wa mtu aliye Tunduma.

Nimelipa kwa pesa ya kikoba, narudisha na riba mwezi ujao.

Humu kuna maafisa ustawi, nawajua mpo. Ni mwongozo gani unaosema mke aliyetelekezwa si maskini mpaka apewe talaka? Niandikieni hapa kifungu na mwaka wake.