Tupeane uzoefu: sakafu zinazodanganya macho, ulipoikanyaga ulifanyaje?

Wakuu, hizi sakafu zinazopangwa mpaka unaona shimo mahali palipo bapa kabisa, nani ashakutana nazo? Ile iliyosambaa sana 2017 ni korido ya duka la tailizi la Casa Ceramica, Manchester, Uingereza, miraba nyeusi na nyeupe, ukisimama mlangoni unaona katikati pamezama, ila ukiitazama ukiwa upande wa pili huoni kitu, maana imepigiwa hesabu kwa jicho la anayeingia tu.

Mimi niliikuta ya stika, shimo refu limechorwa sakafuni ndani ya lifti. Akili inajua kabisa ni stika lakini miguu imegoma, nikapita kwa pembeni nimeshikilia ukuta. Jamaa wa nyuma yangu alicheka weee, halafu na yeye akapita palepale nilipopita mimi. Haya mwageni zenu.

fundi_sakafu: Hiyo kazi naijua. Muundo ninaoombwa sana ni wa maboksi, vipande vitatu vya umbo la almasi, cheupe, cha kijivu na cheusi, vinakutana kona, jicho linaona boksi limesimama. Ni wa kale huo, upo Pompeii, mji wa kale wa Warumi huko Italia, kwenye jumba liitwalo Nyumba ya Fauno, lililofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79 BK. Ujanja wote upo kwenye rangi, ukikosea kuzungusha kipande kimoja tu boksi linakufa. Kuna mteja niliiweka chooni kwake, wageni wanaingia wananyanyua miguu kama wanapanda ngazi 😂 Mwingine aliitaka kwenye ngazi zenyewe, hapo nikakataa, ngazini mtu lazima aone ukingo wa kila kidato.

bintimkubwa: Nyie mnacheka, kwetu haikuwa utani. Mama ana ugonjwa wa kusahau, akifika kwenye mkeka mweusi wa mlangoni anaganda, ukimvuta analia. Tukajua ni ubishi wa uzee kumbe yeye anaona shimo. Nesi akasema toeni huo mkeka, tulipoutoa akapita mwenyewe. Na sakafu inayong'aa anaona maji, anapandisha gauni asilowe. Wanaojenga hospitali wangesoma hapa.

Mzee_wa_data: Mleta mada usijione mwoga, miguu kugoma ni kawaida. Wanasaikolojia Gibson na Walk, kwenye jaribio lao la 1960, waliweka watoto wanaotambaa juu ya kioo kinene, chini yake kwa mbali kitambaa cha miraba, wengi waligoma kuvuka hata mama akiwaita. Ila mbwa wangu shimo la stika alilinusa tu akalala juu yake.

Mleta mada: 😂😂 fundi, yule wa ngazi alikuelewa?

fundi_sakafu: Wapi, akatafuta fundi mwingine. Nimepita pale juzi, kila kidato kimebandikwa utepe wa njano.