Kampuni ya mafuta ya nywele: tugawane hisa 50 kwa 50?

Mnazi_Mbichi: Wakuu, naombeni ushauri. Tuko wawili, tunataka kusajili BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) kampuni ya mafuta na shampuu. Mwenzangu anatoa milioni 15, mimi nina fomula na ndiye nitakayechanganya. Tumewaza 50 kwa 50 yaishe.

Kalamu_Muhuri: Hayaishi, ndiyo yanaanza. Azimio la kawaida, yaani uamuzi wa kila siku wa wenye hisa, linataka zaidi ya nusu ya kura. Mkikwaruzana hakuna linalopita. Wekeni 60 kwako, 40 kwake. Hapunjwi: kubadili katiba ya kampuni kunataka robo tatu ya kura, bila yeye haibadiliki.
Na milioni 15 zote zisiwe hisa. Tano ziwe hisa, kumi ziwe mkopo wake kwa kampuni, wenye tarehe za marejesho. Gawio hutoka kwenye faida tu, atasubiri sana.

Mnazi_Mbichi: Sasa mimi hisa zangu nazilipia na nini?

Kalamu_Muhuri: Na fomula. Hisa moja iwe 10,000: yeye 500, wewe 750. Kampuni inanunua fomula kwa milioni 7.5, inakulipa kwa hisa hizo 750, kwa mkataba wa maandishi. Bila mkataba zitahesabika hazijalipiwa. Kampuni ikifilisika, mfilisi, yaani anayekusanya mali ya kampuni kulipa madeni, atakudai wewe hela hiyo.

Dada_Kitana: Fomula yenyewe iandikwe kwa asilimia ya uzito, jumla 100, pamoja na joto la kuchanganyia. "Vikombe viwili vya mafuta ya nazi" si kitu cha kuuza milioni 7.5 😅 Kihifadhi kionekane pia. Kikiwa fenoksietanoli, mwisho 1%. Shampuu ina maji, bila kihifadhi itaota ukungu. Vipodozi viko chini ya TBS (Shirika la Viwango) tangu 2019, nao watataka viambato hivyo hivyo.
Alama ya biashara sajilini daraja la 3 (kundi la vipodozi) kwa jina la kampuni, si lako. Jina la kampuni pekee halilindi chapa iliyo kwenye chupa.

Mnazi_Mbichi: Nikiondoka mapema je?

Kalamu_Muhuri: Hisa zako ziive, yaani ziwe zako moja kwa moja, robo kila mwaka, miaka minne. Zisizoiva anazinunua mwenzako kwa bei mliyokubaliana leo. Msiandike kampuni ndiyo inunue: kampuni kununua hisa zake yenyewe kuna masharti magumu. Kifungu hicho hicho kitaje na kifo, maana hisa huingia kwenye mirathi.