Mkono wa roboti unaokota kikombe asubuhi, mchana unakosa: niongeze mifano au kamera?

Fundi_Pasua (Moshi)
Wakuu, habari za kazi. Tuna SO-101, ile seti ya mikono miwili: unaushika mkono kiongozi, mkono mfuasi unaiga. Kazi yake ni kunyanyua kikombe cha plastiki chenye sampuli ya kahawa na kukiweka juu ya mizani. Kamera ni moja, imefungwa juu ya meza. Tumerekodi mifano 50 (kila mmoja ni safari moja tuliyouongoza mkono) kwa fremu 30 kwa sekunde, tukafundisha modeli ya ACT, inayojifunza kwa kuiga mifano hiyo. Asubuhi unaokota vizuri. Kuanzia saa sita mchana unashuka kama sentimita 2 pembeni, unafunga vidole hewani, halafu unaendelea hadi kwenye mizani bila kikombe. Tuongeze mifano au tununue kamera ya pili?

sevo_na_waya (Njiro)
Mkuu, hapo kuna mambo mawili, usiyachanganye.

Kukosa mchana tu, shuku mwanga kwanza. Jua likihama dirishani vivuli navyo vinahama, na kamera za USB hujirekebishia zenyewe mwangaza na rangi, kwa hiyo picha ya saa saba si ile modeli iliyoizoea. Kwenye Linux tumia amri ya v4l2-ctl kuzima marekebisho hayo na uweke namba za kudumu. Shusha pazia, washa taa ileile. Jua likishindikana kuzuia, rekodi asubuhi, mchana na jioni.

Kuendelea na safari mikono mitupu ni jambo jingine, na ndilo kubwa. Mifano yenu ni safi mno. Mwalimu hakosei, basi modeli haijawahi kuona namna ya kurudi baada ya kupotoka. Ni tatizo la tangu ALVINN ya Dean Pomerleau pale Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mtandao wa neva uliojifunza kuendesha gari kwa kumfuata dereva. Dereva mzuri hatoki njiani, ikabidi Pomerleau atengeneze picha zilizosogezwa kushoto na kulia ili mtandao ujue kurudi katikati.

Kwenu dawa ni hii: weka vidole sentimita 2 au 3 pembeni ya kikombe, vikiwa vimefungwa, NDIPO uanze kurekodi. Inua, fungua, sogea, kamata, peleka. Usirekodi kukosea kwenyewe, maana nako kutaigwa. Katika kila mifano 10, miwili au mitatu iwe ya namna hii.

Mama_Kalibresheni (Arusha)
Naongezea kuhusu kamera. Shika mkono kiongozi, tazama skrini tu, usiitazame meza kabisa. Ukishindwa kuokota kwa picha hiyo peke yake, modeli nayo haitaweza. Kamera ya juu mara nyingi hufunikwa na mkono wenyewe dakika ya mwisho, hasa pale vidole vinapozunguka kikombe. Ya pili ifungwe kwenye kifundo cha mkono wa roboti, ivione vidole vyote viwili. Ila mjue mtarekodi upya, kwa kuwa mifano ya zamani haina picha zake.

Na mnaofundisha mkubaliane. Mmoja akikamata mdomo wa kikombe na mwingine kiuno, mkono utasitasita katikati. Chora nafasi 10 mezani, mifano 5 kila nafasi.

Fundi_Pasua
Asanteni sana. Swali moja: unakosea upande wa kushoto kila mara. Bado ni mwanga?

sevo_na_waya
Si lazima. Mkono ukinyooka sentimita 30, sentimita 2 ni kama nyuzi 4 tu kwenye sevo (mota ya kiungo) ya kitako, ile namba 1. Sevo za mkono huu, STS3215, zina hatua 4096 kwa mzunguko, kwa hiyo ni hatua 45 hivi. Skrubu iliyolegea inatosha kabisa.

Pima bila modeli. Chukua mfano mmoja wa zamani, rudisha kikombe palepale kilipokuwa, uamuru mkono urudie mwendo uliorekodiwa. Fanya hivyo mchana. Mkono ukikamata, shughulikia mwanga. Ukikosa, kaza skrubu za sevo namba 1 kisha urudie kipimo kabla ya kugusa kalibresheni (vipimo vya nafasi ya kila kiungo), kwa sababu ukiibadilisha, namba za mifano yote 50 hazitalingana tena na mkono.