Mipini ya mfano wa pembe kwa Ruger New Vaquero: rezini, Micarta au mfupa?

Ndanda_DFW
Wakuu, habari za leo. Nina bastola ya silinda, Ruger New Vaquero ya .357, chuma cha pua kinachong'aa, naitumia kwenye mashindano ya kulenga shabaha kwa mtindo wa makauboi hapa Texas. Vibao vya mpini vilivyotoka nayo kiwandani ni vyeusi vya mirabamiraba. Havina ubaya, ila chuma cha namna ile kinadai mpini mweupe, weupe wa maziwa yaliyoanza kuganda, kama wa zile Colt za karne ya 19.

Pembe halisi ya ndovu siitaki. Nimebakiza tatu: rezini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu), Micarta ya rangi ya pembe, na mfupa wa ngamia. Majira ya joto huku viganja vinatoka jasho, kwa hiyo cha kwanza kwangu ni kutoteleza, halafu rangi, halafu bei. Aliyewahi kushika zote anisaidie.

FundiOhio
Mkuu, kabla ya malighafi hakikisha umbo la fremu, maana hapo ndipo watu wanapotupa hela. Ruger walianza na fremu ya mpini inayoitwa XR3, iliyofuata umbo la Colt ya 1873. Mwaka 1963 wakaleta XR3-RED, na Vaquero ya kwanza ya 1993 ikatumia hiyo. Yako wewe, New Vaquero, ilitoka 2005 ikiwa ndogo zaidi na mpini wake ukarudi kwenye wembamba wa zamani. Vibao vya XR3-RED havitakaa. Muuzaji akiandika "Vaquero" tu bila neno New, muulize kabla hujalipa. Na vya Colt visikudanganye, vinafanana kwa macho lakini vinataka tupa na msasa.

Sasa malighafi. Mimi nakupa Micarta bila kusita. Ni karatasi au kitambaa kilicholoweshwa rezini kikabanwa kwa joto na nguvu mpaka kikawa kitu kimoja. Haipasuki kirahisi, hainywi mafuta ya bunduki, na ukiiacha bila kuing'arisha sana inashika vizuri hata mkono ukiwa na maji. Rangi yake inakolea kuelekea njano kadiri unavyoishika. Ubaya wake: ukiitazama kwa karibu unaona ni rangi moja tupu, haina ile mistari myembamba ya pembe.

Rezini ina mistari, na watengenezaji wazuri wanaijua kazi yao. Ultra Ivory ya Eagle Grips, kwa mfano, mtu aliyesimama hatua mbili hatagundua. Lakini rezini ya bei ya chini ina mistari inayojirudia kibao cha kushoto na cha kulia sawasawa, kama imepigwa muhuri. Hiyo mimi siwezi kuitazama.

DadaTucson
Shikamoo Fundi. Naomba nitetee mfupa, maana hakuna aliyeusemea.

Mfupa wa ngamia ni kitu halisi, una uzito wake mkononi, na ukiuchovya kwenye chai nzito ya rangi unapata njano ambayo rezini haitoi. Ukiukaribia utaona vinukta na vimstari vya rangi ya kahawia, ndiyo njia za mishipa ya damu zilizokuwa ndani. Mimi hivyo vinukta ndivyo ninavyovipenda.

Ila nisimfiche Ndanda. Huku Arizona hewa ni kavu, na mfupa usiotunzwa unajikunja na kutoa ufa, mara nyingi kuanzia kwenye tundu la skrubu. Vile vinukta pia vinakunywa jasho na mafuta. Baada ya muda upande wa kiganja unakuwa mweusi kuliko wa pili. Kuupaka nta kunasaidia. Na ukiusugua kwa msasa vaa barakoa ya maana, vumbi la mfupa ni baya kwa mapafu. Kwa bastola ya maonyesho au ya Jumapili, mfupa. Kwa mtu wa mashindano mwenye viganja vya jasho, hapana.

MtuWaVoi
Nafuatilia nikiwa Voi, Kenya. Siyo mtu wa bastola, lakini neno pembe limenivuta, maana mbuga ya ndovu ya Tsavo iko mlangoni kwetu.

Ndanda, asante kwa kuandika kwamba halisi huitaki. Na wengine wanaosoma hapa wasishawishike na matangazo ya "pembe ya zamani, halali". Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku na nchi wanachama wa CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini) mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipochoma tani 12 kwenye mbuga ya Nairobi. Tarehe 30 Aprili 2016 zikachomwa tani 105 palepale mbugani. Marekani nayo ikabana soko la ndani kuanzia Julai 6, 2016. Kuna msamaha kwa vitu vilivyotengenezwa kabla ya hapo vyenye pembe chini ya gramu 200, kukiwa na masharti mengine kadhaa, na bunduki zenye mipini ya pembe zilifikiriwa humo. Lakini msamaha huo ni kwa kitu kilichokuwepo tayari, siyo ruhusa ya kununua jino na kuchonga mpini mpya.

Tena huko Marekani ndiko mzigo wetu mwingi ulikoishia. Meno yalibebwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, yakavushwa Zanzibar, yakapakiwa melini hadi Connecticut, kwenye miji ya Deep River na Ivoryton, yakakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Kwa hiyo mswahili aliyeko Texas anapochagua rezini badala ya jino, mimi nafurahi kwelikweli.

Mlenga_Shabaha_CA
Naongeza kwa walioko California: sheria ya huku, iliyoanza Julai 1, 2016, inagusa hadi pembe ya mamothi (jamaa wa ndovu aliyetoweka), kiboko, sili-pembe na ngiri. Kwa hiyo ile hoja kwamba "mamothi alishakufa zamani, hana ulinzi" huku haisaidii. New York na New Jersey nao wanaibana mamothi.

Na ukikutana na mpini usiojulikana asili yake, tazama sehemu iliyokatwa kimkingamo, kwa kawaida chini ya mpini. Jino la ndovu lina mistari inayokatana kama wavu. Pale mistari inapokatana karibu na ukingo wa nje, kona zake ni pana, zaidi ya nyuzi 115. Kwa mamothi ni nyembamba, chini ya 90. Rezini ina mistari sambamba inayopita moja kwa moja, haikatani. Mfupa una vile vinukta vya DadaTucson.

KamandaMstaafu
Wengi wetu mapenzi ya mpini mweupe yametoka kwa Patton, yule jenerali wa Marekani wa Vita vya Pili vya Dunia. Ile Colt yake ya .45 aliinunua El Paso mwaka 1916, na vibao vilikuwa vya pembe. Yeye mwenyewe alichukia watu wakisema ni vya lulu.

Swali kwa Fundi: mimi nina Smith & Wesson ya fremu K (ya ukubwa wa kati), siyo ya kikauboi. Ushauri unabadilika?

FundiOhio
Marahaba DadaTucson, na umeutetea mfupa kwa haki.

Kamanda, unabadilika. Kwenye Colt na Ruger za kauboi mpini laini ni faida: bastola ikipiga teke inajiviringisha kiganjani, nguvu inapungua. Kwenye Smith & Wesson unavuta kifyatulio kwa safari ndefu, hutaki mpini uhame. Tafuta vibao vinavyojaza ile nafasi nyuma ya kinga ya kifyatulio. Vya fremu K vinaingia fremu L pia, lakini angalia kitako cha mpini wako ni cha mraba au cha mviringo, havibadilishani.

Ndanda_DFW
Nashukuru wote. Mtu wa Voi, salamu zako zimefika. Nachukua Micarta, niipate ikiwa nene kidogo kuliko fremu nijisuguie mwenyewe. Fundi, nitajuaje pa kusugua, na skrubu niikaze kiasi gani?

FundiOhio
Kwanza toa risasi zote, zungusha silinda uhakikishe vyumba vyote ni vitupu. Paka ukingo wa fremu masizi ya mshumaa, kibandike kibao, kibonyeze, kitoe. Palipotiwa weusi ndipo panapogusa. Sugua hapo tu, kidogo kidogo, rudia mpaka weusi uenee mfululizo. Ukingo wa nje umalizie kibao kikiwa kimefungwa, chuma ukikizungushia utepe wa gundi usije ukakikwaruza. Pitisha ukucha kwenye maungio: usikwame kwenye chuma wala kwenye kibao.

Skrubu kaza kwa vidole viwili juu ya bisibisi, kibao kikiacha kucheza simama hapo. Ikilegea kwenye mashindano usitie gundi ya skrubu, baadhi zinakula rezini. Weka kipete chembamba cha mpira chini ya kichwa chake.