Naomba ushauri: viza ya mwanafunzi na bastola ya mwenzangu
Wakuu, niko Texas kwa viza ya mwanafunzi. Jamaa ninayepanga naye ana bastola, anaiweka droo ya jikoni pamoja na vijiko (!), na Jumamosi anataka twende kulenga shabaha. Nikisita ananisomea Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ya 1791, yanayolinda haki ya kumiliki silaha. Sawa, huku tangu 2021 watu wengi wenye miaka 21 na kuendelea wanabeba bastola bila kibali. Ila sheria ya shirikisho (ya Marekani nzima) inawakataza wenye viza za muda hata kushika bunduki, labda uwe na leseni ya uwindaji. Aliyewahi kuikata, inatosha kweli? Na ile droo, polisi wakija, si nitahesabiwa nami ninayo? Kwetu bunduki nilizoea kuiona kwa mlinzi wa benki tu.