Kwa nini malaika hakumfundisha towashi yeye mwenyewe?

Msomaji wa Matendo:
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nasoma sura ya 8 ya Matendo ya Mitume na kuna jambo linanisumbua. Malaika anamtuma Filipo kwenye njia iteremkayo kutoka Yerusalemu kwenda Gaza, kisha Roho anamwambia alisogelee gari la towashi (mwanamume aliyehasiwa) aliyewekwa juu ya hazina yote ya Kandake, malkia wa Waethiopia. Kwa nini malaika asimwendee towashi moja kwa moja, akamfafanulia kitabu cha nabii Isaya alichokuwa akikisoma?

Mwalimu wa Katekesi:
Ndugu, swali lako ni la zamani. Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, alilitaja tukio hili, pamoja na lile la akida wa Kirumi Kornelio, alipowajibu watu waliojivunia kuyaelewa Maandiko bila kufundishwa na mwanadamu yeyote. Mtazame Kornelio katika sura ya 10: malaika anamtokea, lakini hamhubirii, anamwagiza tu atume watu Yafa wakamwite Petro, tena anamtajia hata nyumba anamokaa, ya Simoni mtengenezaji wa ngozi. Sauli (ndiye Paulo) naye, aliyeisikia sauti ya Bwana njiani, anaambiwa aingie mjini, na huko ni Anania anayemwekea mikono. Ninavyomsoma Luka, uongozi wa Mungu huwakutanisha watu, na ufafanuzi hutoka kinywani mwa mtu.

Angalia pia namna Filipo alivyofundisha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Alikimbia, akamsikia towashi akisoma, kwa kuwa zama zile watu walizoea kusoma kwa sauti, na hati za Kiyunani ziliandikwa herufi mfululizo, bila nafasi kati ya neno na neno. Hakuanza kwa hotuba. Aliuliza kama yale yanayosomwa yanaeleweka. Akakaribishwa kupanda garini, akaketi, akangoja towashi atoe swali lake mwenyewe: je, nabii anasema habari zake au za mtu mwingine? Ndipo akaanzia kwenye andiko lile lile lililokuwa mbele yao, la kondoo aliyepelekwa machinjoni (Isaya 53), akamhubiri Yesu.

Mpenda Kiyunani:
Naongeza jambo moja la lugha. Towashi anaposema kwamba hawezi kuelewa mtu asipomwongoza, kitenzi cha Kiyunani ni kile kile kilichotumika katika Yohana 16:13 kuhusu Roho atakayewaongoza wanafunzi kwenye kweli yote. Kwa hiyo sioni sababu ya kumshindanisha Roho na mwalimu.

Mjoli:
Nakubaliana nanyi kwa sehemu kubwa, ila tusimfanye mwalimu kuwa mkongojo wa kudumu. Mara tu baada ya ubatizo Roho wa Bwana anamnyakua Filipo, anayeonekana tena Azoto, na towashi anakwenda zake akifurahi, bila mwalimu kando yake. Mtu huyu alikuwa ametoka kuabudu Yerusalemu, ilhali Kumbukumbu la Torati 23:1 inamzuia mtu wa hali yake asiingie katika kusanyiko. Kama aliendelea kusoma kutoka pale walipoachia, hakuwa mbali na Isaya 56, ambapo Bwana anawaahidi matowashi walishikao agano lake jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti, jina la milele lisilokatiliwa mbali. Hilo angeweza kulielewa bila kumuuliza mtu.